Klabu ya ushangiliaji imemtaka binti yetu: tusaini mkataba?

SWALI: Daktari, tunaishi Fort Worth, Texas. Binti yetu ana miaka 9. Rafiki yake wa shule alimwalika kwenye darasa la bure la ushangiliaji (cheerleading), kocha akampenda. Anasema ana kipaji na ana "mwili wa kurushwa juu". Sasa wanataka tusaini mkataba wa miezi 11, ada dola 195 kwa mwezi, na amana iwe imelipwa kabla ya Ijumaa. Kocha anasema hii ndiyo njia ya kupata ufadhili wa chuo kikuu. Mimi nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, mume wangu anaendesha lori. Yeye anasema ni wizi mtupu, mtoto naye analia kila siku. Je, gharama ni hizo tu? Na ni kweli watoto huvunjika shingo? – Mama Neema

JIBU: Mama Neema, usilipe amana Ijumaa hii. Sisemi mtoto asicheze. Nasema ulichoambiwa mpaka sasa ni ada ya mwezi, na katika mchezo huu ada ya mwezi inaweza kuwa theluthi moja tu ya pesa zitakazotoka nyumbani kwenu kabla msimu haujaisha.

Kazi yangu ni tiba ya viungo kwa watoto wanamichezo, na washangiliaji hawakosekani kwenye kliniki yetu, hasa kuanzia Januari mashindano yanapopamba moto. Umeuliza la pesa na la shingo kama maswali mawili. Mimi nayaona ni swali moja, na nikifika katikati ya jibu utaona kwa nini.

Kwanza tujue tunazungumzia nini, maana huenda Baba Neema anawaza wasichana wanaopunga vishada pembeni ya uwanja wa mpira. Hao wapo, lakini wako mashuleni. Binti yenu ameitwa kwenye klabu binafsi, zile zinazoitwa za ol-staa, ambazo hazimshangilii mtu yeyote. Timu hujifunza onyesho moja la dakika 2 na nusu lenye sarakasi, kubebana, kurushana, piramidi na dansi, kisha hulirudia msimu mzima mbele ya majaji. Watoto hupangwa kwa umri na kwa ugumu wa sarakasi, kiwango cha 1 hadi cha 7. Mchujo huwa Mei, onyesho hutungwa wakati wa kiangazi, na mashindano huanza Novemba hadi Aprili au Mei. Hapo mlipo mko jikoni kabisa: chama cha ushangiliaji cha NCA kilianzishwa Texas na Lawrence Herkimer mwaka 1948, na mashindano yake ya taifa ya klabu hufanyika Dallas kila mwaka, Februari inapoisha au Machi inapoanza.

Sasa tupige hesabu. Nitaweka tarakimu za mfano, zinazofanana na zile ninazosikia kwa wazazi; wewe utazibadilisha ukishapata za klabu yenyewe. Ada ya dola 195 kwa miezi 11 ni 2,145. Sare ya mashindano, yenye vito vya kumetameta, weka 450. Nguo za mazoezi, begi na utepe wa nywele 150. Viatu vyeupe 100, navyo haviruhusiwi kukanyaga lami. Mtunzi wa onyesho na muziki 350. Kwa nini muziki ulipiwe wakati simu yako ina nyimbo bure? Kwa sababu mwaka 2014 kampuni ya Sony iliwashitaki watengenezaji wa miziki ya maonyesho haya, na tangu hapo waandaaji wanadai leseni. Kiingilio cha mashindano, tuseme mara sita kwa dola 130 kila mtoto, ni 780. Tumeshafika dola 3,975 na bado hamjatoka Fort Worth.

Kisha safari. Tuseme timu inamalizia msimu Orlando, Florida, kwenye viwanja vya Disney, ambako mashindano makubwa ya mwisho wa msimu hufanyika. Tiketi za ndege za watu watatu 900, hoteli usiku tatu 750, chakula, usafiri wa mjini na kiingilio cha wazazi, maana na nyinyi mtalipa ili kumwona mwanenu akicheza dakika 2 na nusu. Ukibana sana ni dola 2,200. Jumla imepita 6,000. Sijaweka darasa la ziada la sarakasi, ambalo halimo kwenye mkataba lakini kocha atakwambia "Neema akipata ile ya kupinduka kinyumenyume, tutampandisha kiwango." Sijaweka pia zamu zako za wikendi utakazoziacha. Kwa mtu anayelipwa kwa saa, Jumamosi ukumbini ni mshahara uliopotea, na sijawahi kuona klabu inayouandika kwenye karatasi yake.

Kuhusu hoteli, kuna jambo ulijue mapema. Mashindano mengi ya mbali yana utaratibu kwamba timu isipolala kwenye hoteli zilizopangwa na mwandaaji, haichezi. Hakuna kulala kwa shemeji yako anayeishi palepale mjini. Timu za karibu mara nyingine husamehewa, kwa hiyo kwa mashindano ya Dallas uliza kama nyinyi wa Fort Worth mtaruhusiwa kurudi kulala nyumbani. Usidhani, uliza.

Baba Neema ameuita wizi. Sitafika huko, ila hajakosea kuhisi kwamba kuna mtu anayenufaika vizuri. Mwaka 1974 Jeff Webb, aliyekuwa amefanya kazi kwa Herkimer, alianzisha kampuni yake, ambayo baadaye ikawa Varsity. Kwa miaka mingi kampuni hiyo ilinunua washindani wake, ikiwemo NCA yenyewe mwaka 2004, hadi kambi, sare na mashindano makubwa yakawa chini ya paa moja. Shirikisho la klabu, USASF, lilianzishwa 2003 kwa msaada wa fedha zake. Klabu zilizotumia zaidi kwake zilirudishiwa sehemu ya fedha. Yaani mzazi analipa, klabu inapata marejesho. Kampuni ya uwekezaji ya Bain Capital iliinunua Varsity mwaka 2018, na mwaka 2024 ikaiuza kwa KKR kwa mabilioni ya dola. Wenye klabu na wazazi walikwenda mahakamani wakidai soko limehodhiwa na bei zimepandishwa. Kesi ya klabu ilimalizwa mwaka 2023 kwa dola milioni 43.5, na ile iliyowahusu wazazi mwaka 2024 kwa milioni 82.5, kampuni ikiwa haikukiri kosa. Sikusimulii haya umchukie kocha wa Neema. Yeye mwenyewe yawezekana analipwa kidogo na anawapenda watoto kweli. Nakusimulia ujue kwamba bei hazikupangwa ukumbini kwake, na hata akikuonea huruma hana uwezo wa kuzishusha nyingi.

Mtego mwingine wa pesa huja ukiwa umevaa furaha. Katikati ya msimu timu inashinda, watoto wanaruka, wazazi wanalia: "Tumepata mwaliko!" Mialiko ya mashindano ya mwisho iko ya aina tatu. Upo unaolipiwa gharama, upo unaolipiwa nusunusu, na upo ambao maana yake ni kwamba mmeruhusiwa kuja kwa pesa zenu. Mingi ni ya aina hiyo ya tatu. Mtoto wa miaka 9 haendi kwenye yale yanayoitwa ya dunia, bado mdogo, lakini kuna mashindano ya kufungia msimu kwa umri wake, nayo yana mialiko yake. Kwenye mkataba tafuta sentensi inayosema familia inawajibika kuhudhuria iwapo timu itaalikwa. Ikiwepo, umeshasaini safari ya Mei ambayo bei yake hakuna anayeijua leo.

Wazazi wengine watakwambia usiogope, kuna kamati ya kuchangisha. Mtauza popukoni na peremende kanisani na kazini, na kila mzazi atahesabiwa alichouza kipunguze bili ya mtoto wake. Angalia hapo. Mwaka 2013 mahakama ya kodi ya Marekani iliunga mkono hatua ya kuivua hadhi ya hisani, ile inayosamehe kodi, kamati ya wazazi wa jimnastiki ya Virginia, Capital Gymnastics, kwa sababu mfumo wake wa alama ulifanya michango iwanufaishe watoto wa waliouza badala ya watoto wote. Zipo kamati ambazo mpaka leo hufanya vilevile kwa kutojua. Na tafadhali, kama uko kwenye upatu, zamu yako isiingie humu. Pesa ya upatu ina watu wengine nyuma yake.

Ufadhili wa chuo, sasa. Hapa nitakuwa mkali kidogo. NCAA, chombo kikuu kinachosimamia michezo ya vyuo, hakiuhesabu ushangiliaji kama mchezo wa ubingwa. Mwaka 2010 jaji wa shirikisho huko Connecticut aliamua, katika kesi ya Chuo cha Quinnipiac, kwamba timu yao ya ushangiliaji wa mashindano haiwezi kuhesabiwa kama mchezo chini ya sheria ya usawa wa jinsia, na mahakama ya rufaa ikakubaliana naye mwaka 2012. Miaka ya karibuni michezo miwili iliyozaliwa humo, STUNT na ule wa sarakasi za kundi, iliingia kwenye orodha ya NCAA ya michezo inayochipukia, kwa hiyo mlango umefunguka kidogo. Vyuo vingine pia hutoa fedha kwa washangiliaji wao, lakini mara nyingi ni kiasi cha kununulia vitabu na kupunguza ada kidogo. Chukua dola 6,000 kwa mwaka, zidisha kwa miaka tisa mpaka Neema amalize sekondari: ni 54,000. Mwenye pesa hiyo mkononi hahitaji kocha amtafutie ufadhili. Kama sababu ya kusaini ni chuo, sababu hiyo haipo. Kama sababu ni kwamba mtoto anapenda, tuendelee kuzungumza, maana hiyo ni sababu nzuri.

Shingo. Ndiyo, imewahi kutokea, na ndiyo maana jina la mchezo huu linatisha. Mwaka 2012 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilitoa waraka kuhusu ushangiliaji kikisema kwamba katika takriban miaka 25, karibu theluthi mbili ya majeraha mabaya kabisa ya wasichana wanamichezo wa sekondari, yale ya kichwa na uti wa mgongo yanayoua au kulemaza, yalitoka huku. Lakini waraka huohuo ulisema kiwango cha jumla cha kuumia ni kidogo kuliko katika michezo mingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofuatilia shule za sekondari kwa miaka mitano, uliuweka ushangiliaji nafasi ya 18 kati ya michezo 22 kwa wingi wa majeraha, yaani 0.71 kwa kila mara 1,000 za mazoezi au mashindano. Nusu na zaidi ya majeraha hayo yalitokea wakati wa kubebana na kurushana, na mtikisiko wa ubongo ndio ulioongoza, karibu theluthi moja. Jambo lililonigusa mimi kitaaluma ni hili: aliyeumia huku aliumia vibaya. Ni jimnastiki tu iliyokuwa na sehemu kubwa zaidi ya majeraha yanayomweka mtoto nje zaidi ya wiki tatu. Takwimu hizo ni za shule, ambako kuna wauguzi na mafomu. Za klabu binafsi hazikusanywi kwa namna hiyo.

Kwa Neema, mwenye miaka 9 na anayeanza, yaani pengine katika kiwango cha 1, kuvunjika shingo si jambo la kukukosesha usingizi. Kiwango hicho hakina kurusha mtu hewani. Watoto hubebana chini, bila kupita usawa wa mabega, kwenye sakafu yenye springi na zulia la povu. Hatari hupanda na viwango, na hupanda ghafla pale klabu inapompandisha mtoto kabla ya wakati wake kwa sababu timu ya juu imepungukiwa mtu. Kanuni nazo husaidia: msimu wa 2006–07 kurusha mtu kwa mikono iliyosukwa kulipopigwa marufuku kwenye sakafu ngumu kama za uwanja wa kikapu, majeraha mabaya yalipungua.

Ninachokiona mimi kwa watoto wa umri wake ni cha kimyakimya. Kifundo cha mkono kinachouma kwa sababu mfupa bado unakua na kila siku unabeba mwili mzima. Mgongo wa chini unaouma akijipinda nyuma, ambao ukipuuzwa huwa ni ufa kwenye pingili. Kifundo cha mguu kilichoteguka mara ya pili kabla ya kwanza haijapona. Na usidhani anayeinuliwa juu ndiye pekee anayeumia. Wanaobeba hupigwa viwiko usoni, huumia mabega na mgongo, maana kazi yao ni kudaka mtu anayeanguka.

Hapa ndipo pesa na mwili vinapokutana. Onyesho la klabu halina mchezaji wa akiba kama mpira. Kila mtoto ana mahali pake kwenye piramidi, na mmoja akikosekana wiki ya mashindano, onyesho linasukwa upya usiku kucha. Wazazi 20 wameshalipa, hoteli hazirudishi pesa, mkataba unasema ada inaendelea hata mtoto akiwa na plasta. Sasa mtoto anasema kichwa kinamuuma tangu alipogongwa Jumanne. Nani ukumbini ana hamu ya kusikia? Kocha hataki, wazazi wenzako hawataki, na wewe uliyeacha zamu nne kulipia Orlando, mwanangu, hata wewe hutaki. Mtoto anazisoma nyuso hizo zote, anasema ameshapona. Nimesikia wazazi wema kabisa, wanaompenda mtoto kuliko roho zao, wakiniuliza kliniki: "Lakini tumeshalipia, hawezi kumalizia hii moja?" Ndiyo maana nakwambia swali la gharama ni swali la afya. Familia iliyojibana mpaka senti ya mwisho ndiyo inayochelewa kumtoa mtoto.

Na mtikisiko wa ubongo hausubiri. Texas ina sheria ya mwaka 2011, inayojulikana kama Sheria ya Natasha, inayotaka mwanafunzi anayeshukiwa kupata mtikisiko atolewe mchezoni na asirudi bila idhini ya daktari. Lakini sheria hiyo ni ya michezo ya shule. Klabu binafsi iko nje yake, kwa hiyo wewe ndiye sheria. Akigongwa kichwa halafu akaumwa kichwa, akapata kizunguzungu, kichefuchefu au akawa kama amezubaa, siku hiyo imeisha. Kurudi ni hatua kwa hatua, kila hatua angalau siku nzima, na sarakasi za kichwa chini huja mwisho kabisa. Akitapika mara kwa mara, akilala asiamke vizuri au kichwa kikizidi kuuma, ni dharura.

Uliniandikia kwamba kocha alisema ana mwili wa kurushwa juu. Sentensi hiyo sikuipenda, ingawa husemwa bila nia mbaya. Mtoto wa miaka 9 anayesifiwa kwa wepesi atafika miaka 12, atarefuka, atanenepa nyonga kama Mungu alivyopanga, na siku moja ataambiwa ashuke chini abebe wenzake. Baadhi yao huanza kuruka chakula. Msichana ambaye hedhi yake ilishaanza ikakaa miezi mitatu bila kuja apelekwe kwa daktari. Usifurahie kwamba "mazoezi yanamfaa". Nyumbani msifuni kwa nguvu na kwa juhudi.

Jambo lingine hukuuliza, ila kwa sababu unafanya zamu za usiku lazima niliseme. Mazoezi ni jioni. Wewe unaingia kazini, Baba Neema yuko barabarani Oklahoma, na mtu atajitolea kumrudisha mtoto. Sisi tumelelewa kwamba mwalimu ni mzazi wa pili, tunamkabidhi mtoto tukisema asante. Mwaka 2022 kesi zilifunguliwa mahakamani South Carolina, zikifuatiwa na nyingine katika majimbo jirani, zikidai makocha wa klabu waliwadhulumu watoto kingono kwa miaka mingi na wakubwa hawakuchukua hatua. Mwaka huohuo Jerry Harris, mshangiliaji aliyekuwa maarufu kwenye televisheni, alihukumiwa miaka 12 jela kwa makosa dhidi ya watoto. Kwa hiyo weka mipaka bila kuona haya: hakuna kocha kumwendesha Neema peke yake, hakuna kocha kumtumia ujumbe bila wewe kuwemo, hakuna kulala chumba kimoja na mtu mzima asiye mzazi wake, na mazoezi yawe mahali ambapo mzazi anaweza kuingia aone. USASF na USA Cheer, chama kinachosimamia mchezo huu kitaifa, huweka hadharani mtandaoni orodha ya watu waliozuiwa. Tafuta majina ya makocha wote, pamoja na wale vijana wasaidizi. Na kwa sheria ya Texas kila mtu anayeshuku mtoto anadhulumiwa anatakiwa kuripoti. Kuripoti kwa mwenye klabu hakutoshi.

Na nywele. Timu nyingi hutaka watoto wote wawe na mtindo mmoja, mara nyingi mkia wa juu wenye mawimbi. Sheria ya Texas ya mwaka 2023 inayolinda misuko na mitindo yetu inahusu shule, kazi na nyumba, si klabu kama hii. Uliza mapema kama rasta zake zitakubalika, usije ukalazimika kumfumua usiku wa mashindano.

Sasa ufanye nini. Ningekuwa mimi, ningemwandikia kocha leo hii ujumbe mfupi wa heshima: tumefurahi, tunahitaji karatasi ya gharama zote za msimu mpaka siku ya mwisho, na idadi ya safari za kulala. Kisha ningeuliza kama wana timu ya maandalizi, ile wanayoiita prepu. Klabu nyingi wanayo. Saa za mazoezi ni chache, msimu ni mfupi, mashindano ni machache na ya karibu, na gharama hupungua sana. Mtoto wa miaka 9 hapotezi kitu chochote huko. Madaktari wa watoto hushauri apumzike siku moja au mbili kila wiki, apate miezi miwili mitatu kwa mwaka mbali na mchezo wake mkuu, na asijifunge kwenye mchezo mmoja mpaka afike miaka 15 au 16. Mkataba wa miezi 11 haujaacha nafasi ya hayo yote.

Kama hawana, kuna darasa la sarakasi la kulipia mwezi kwa mwezi, kuna vituo vya michezo vya YMCA na timu za manispaa. Baadaye kuna shule yenyewe. Chombo cha michezo ya shule za serikali Texas, UIL, kina mashindano yake ya ushangiliaji, na yamekuwa yakifanyika hapohapo Fort Worth. Huko nako kuna sare na kambi za kulipia, lakini kuna basi la shule, na ndiko Sheria ya Natasha iliko.

Mkiamua klabu hiyohiyo, basi kabla ya kusaini iongezwe sentensi moja: daktari akimsimamisha mtoto kwa jeraha zaidi ya wiki tatu, ada ya miezi inayofuata inasimama, na familia inaweza kujitoa bila faini. Klabu nyingine zitakubali ukiuliza kabla ya kulipa. Baada ya kulipa hakuna atakayekusikiliza. Piga pia simu kwa bima yako uulize ni kiasi gani unatoa mfukoni kabla haijaanza kulipa. Bima ya klabu kwa kawaida hulipa baada ya yako, na makato yake nayo ni makubwa. Kama kwenu kiasi hicho ni dola 3,000, kitengeni pembeni kabla ya kulipia sare. Msipoweza kukitenga, msimu huu bado haujawa wenu.

Kuhusu machozi ya Neema, mwambie ukweli wa umri wake: kocha ameombwa karatasi, baba na mama wanahesabu, jibu litatoka wiki ijayo. Wakati huo mpeleke tena kwenye darasa la bure ukakae pembeni. Uangalie mtoto anapoanguka ni nani anayemkimbilia, na anamwambia nini.